Kliniki ya mama iliyoandikwa mara mbili

Jumatatu moja jioni, nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani, nilifungua kalenda ya simu kutazama siku ya kesho. Palikuwa na mistari miwili, shilingi kwa ya pili: "Kliniki ya Mama, saa tatu asubuhi." Nikadhani simu imejirudia kwa bahati mbaya. Nikaugusa mstari mmoja, nikaufuta, nikairudisha simu mfukoni nikiamini nimefanya usafi.

Jumanne asubuhi kikumbusho hakikulia. Nilipoifungua kalenda nilikuta siku tupu, na katika pilikapilika za asubuhi nikaiamini simu kuliko kumbukumbu yangu. Labda tarehe imesogezwa, nikajiambia. Dada atakuwa ameibadilisha. Nikaenda kazini. Jumatano jioni nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jana mlipata dharura?"

"Dharura gani, mama?"

"Nilivaa mapema, nikakaa barazani na kadi yangu. Ilipoadhiniwa adhuhuri nikajua leo hakuna safari. Sikutaka kukusumbua kazini."

Alipangiwa tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Dawa zake za presha zilikuwa zimebaki za siku tisa, na zilizopungua tukazinunua duka la dawa kwa fedha za mfukoni. Hakuna aliyedhurika. Lakini picha ya mama akiwa barazani, kanga imekunjwa vizuri na kadi mkononi, imenifanya nitumie muda mwingi kutafuta jibu la swali linaloonekana dogo: kwa nini kalenda ya simu inaandika jambo moja mara mbili, na kwa nini nilipofuta moja zikaondoka zote?

Swali hilo ni la watu wengi. Yeyote mwenye simu moja, kompyuta ya ofisini na kalenda anayoshirikiana na familia au wenzake amewahi kukutana na mikutano pacha, siku za kuzaliwa zinazojirudia, hata sikukuu moja iliyokaa siku mbili. Wengi huona ni uchafu tu wa kufagia. Mimi nimeshajifunza kwamba hatari haiko kwenye ile nakala ya ziada. Hatari ni mkono wetu unaozoea kufuta.

Namba ya faili

Ili kuelewa kinachotokea, tuanzie kwenye kadi ya mama. Juu ya kadi hiyo, kabla ya jina, kuna namba ya faili. Dirishani kwenye mapokezi, mhudumu haulizi jina kwanza, kwa sababu siku hiyohiyo wanaweza kuwapo kina mama watatu wenye jina lilelile na la baba lilelile. Anaomba namba. Namba ikilingana, huyu ndiye. Isipolingana, huyu ni mwingine, hata kama majina yanafanana herufi kwa herufi.

Kalenda za kidijitali zinafanya kazi vivyo hivyo. Mwaka 1996 muungano wa kampuni ulioitwa Versit ulitoa utaratibu wa vCalendar, ili programu za kampuni tofauti ziweze kupeana miadi. Novemba 1998 ukafuata utaratibu kamili zaidi, iCalendar, ulioandikwa na Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft, kisha ukaboreshwa mwaka 2009. Mpaka leo, ukipokea mwaliko wa mkutano kwa barua pepe, faili dogo linaloambatana nao limeandikwa kwa utaratibu huo.

Ndani ya faili hilo kuna jina la tukio, saa ya kuanza, saa ya kwisha na mahali. Kuna pia mstari unaoitwa UID. Huo ndio namba ya faili. Utaratibu unadai kwamba kitambulisho hicho kisifanane na kingine chochote duniani, na kwamba kisibadilike maisha yote ya tukio. Mwanzoni ilipendekezwa kitengenezwe kwa kuunganisha tarehe, saa na jina la kompyuta iliyokitoa. Mwaka 2016 ushauri ukabadilika: kiwe mfululizo wa herufi na tarakimu za kubahatisha, kwa sababu jina la kompyuta linaweza kufichua mambo ya mwenyewe.

Kutokana na hapo kuna kanuni moja inayoeleza karibu kila kitu. Matukio mawili yenye UID moja ni tukio moja, hata kama saa na jina vimebadilika. Matukio mawili yenye UID tofauti ni matukio mawili, hata yakifanana kama mapacha. Jicho la mtu linatazama maneno. Mashine inatazama namba. Marudio yanazaliwa katika pengo lililo kati ya jicho na mashine.

Faili la pili linavyofunguliwa

Kila hospitali inajua tatizo la mgonjwa mwenye mafaili mawili. Kadi ilipotea, akaja bila namba, akafunguliwa faili jipya. Sasa vipimo vya mwaka jana viko kwenye faili moja, vya mwaka huu kwenye jingine, na daktari anasoma nusu ya habari. Kwenye kalenda, faili la pili hufunguliwa kwa njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni kunakili upya. Dada anaandika miadi kwenye simu yake, anatupigia mimi na mdogo wetu kutujulisha, na kila mmoja wetu anaiandika tena kwenye simu yake. Kwa mashine hizo ni miadi mitatu. Hali ni hiyohiyo mtu anapotoa kalenda nzima kama faili kutoka kompyuta ya zamani na kuliingiza kwenye mpya. Baadhi ya programu huhifadhi UID zilizomo, nyingine hutoa mpya kwa kila tukio. Ukirudia zoezi hilo kwa kudhani la kwanza halikufanikiwa, unapata kalenda yenye kila kitu mara mbili.

Njia ya pili ni mtandao kukatika katikati, na hii Mwafrika Mashariki yeyote anaijua hata kama hajawahi kutumia kalenda ya simu. Umetuma fedha kwa simu. Ujumbe wa uthibitisho hauji. Je, fedha haikwenda, au imekwenda na ujumbe ndio uliopotea njiani? Ukituma tena unaweza kuwa umelipa mara mbili. Usipotuma, unaweza kuwa hujalipa kabisa. Wanasayansi wa kompyuta walilieleza tatizo hili mwaka 1975, na mwaka 1978 Jim Gray akalipa jina la majenerali wawili: makamanda walio kwenye vilima viwili, bonde la katikati likiwa mikononi mwa adui, na kila tarishi anayevuka anaweza asifike. Hata wapeane uthibitisho mara ngapi, wa mwisho kutuma hatakuwa na uhakika.

Simu ikituma tukio kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza kalenda, na jibu likapotea, iko kwenye kilima hicho. Itatuma tena. Ikiwa seva ndiyo inayotoa kitambulisho baada ya kupokea, kila mara inapopokea inahesabu mgeni mpya, na unapata mawili. Ikiwa simu yenyewe imelipa tukio kitambulisho tangu mwanzo, seva inapokea kwa mara ya pili na kusema: huyu ninaye tayari.

Machi 2007, mwezi uleule M-Pesa ilipozinduliwa Kenya, ulitolewa utaratibu wa CalDAV, unaotumiwa na kalenda nyingi kuzungumza na seva. Uliandikwa na Cyrus Daboo, Bernard Desruisseaux na Lisa Dusseault. Humo simu ndiyo inayochagua anwani ambapo tukio litawekwa, kwa hiyo kutuma tena kunaangukia palepale. Seva inakatazwa kuweka matukio mawili ya UID moja ndani ya kalenda moja. Na kila toleo la tukio lina alama yake, hivyo simu inaweza kusema: badilisha endapo bado unalo toleo nililoliona mimi. Kama mtu mwingine amelibadilisha katikati, seva inakataa na simu inalazimika kusoma upya kwanza. Ni adabu ya kubisha hodi kabla ya kuingia.

Njia ya tatu ni daftari la ulinganifu kupotea. Mwaka 1996 ilipotoka Pilot ya Palm, kompyuta ndogo ya mkononi, mtu aliikalisha kwenye kitako chake kilichounganishwa na kompyuta ya mezani na kubonyeza kitufe kimoja. Ratiba za pande mbili zikalingana. Iliporudi kwenye kompyuta ileile ya mara ya mwisho, kazi ilikuwa nyepesi: ilihamisha yaliyobadilika tu. Ilipokutana na kompyuta nyingine, ililazimika kupitia kila kitu, kimoja baada ya kingine. Hali hiyo ipo mpaka leo. Simu inaweka kumbukumbu ya nini kwake ni nini kwa seva. Ukiifuta simu yote, au ukirejesha nakala ya zamani, kumbukumbu hiyo inapotea, na mashine inabaki kubahatisha kwa kulinganisha majina na saa. "Kliniki ya Mama" na "Kliniki Mama" kwake ni watu wawili.

Njia ya nne ndiyo iliyonipata mimi. Kalenda ya familia ilikuwa inaingia kwenye simu yangu kwa mlango mmoja kupitia akaunti yangu, na kwa mlango wa pili kupitia programu niliyowekewa kazini. Tukio lilikuwa moja, madirisha mawili. Nilipofuta kwenye dirisha la kwanza, amri ikaenda mpaka kwenye seva, seva ikatii, na usiku dirisha la pili likapata habari na kujifunga. Kwenye simu ya dada pia likatoweka. Njia mbili zilimshinda fisi, na zilinishinda mimi.

Mbaya zaidi ni pale njia mbili zinapofanya duara. Programu ya kwanza inanakili kutoka kalenda ya ofisi kwenda ya nyumbani, ya pili inanakili kutoka nyumbani kwenda ofisini, na kila moja inaipa nakala kitambulisho kipya. Kila mzunguko unazidisha mara mbili. Baada ya mizunguko 10, kikao kimoja kimekuwa 1,024.

Saa zetu na saa ya simu

Kuna marudio mengine yanayotuhusu sisi zaidi, kwa sababu tunahesabu saa kuanzia macheo. Dada akisema "saa tatu", mdogo wetu wa mwisho anaandika 3:00, na simu inaelewa saa tisa usiku. Mimi naandika 9:00. Kwenye kalenda ya familia panakuwa na kliniki mbili, moja alfajiri ya kina popo na moja asubuhi. Hakuna programu itakayoziunganisha: UID tofauti, saa tofauti. Ni mtu tu anayejua kwamba zote ni safari moja.

Siku nzima nayo ina mtego wake. Utaratibu unaruhusu tukio liwe tarehe tupu isiyo na saa, kama siku ya kuzaliwa. Lakini programu ikiigeuza tarehe hiyo kuwa saa kamili, kuanzia usiku wa manane wa saa za dunia, kwetu tulio mbele kwa saa tatu sherehe inaanza saa tisa usiku na kwisha saa tisa usiku wa kesho yake. Kwenye kalenda mtoto anaonekana amezaliwa siku mbili mfululizo.

Wenye ndugu Ulaya wana kisa chao. Uingereza husogeza saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba; sisi hatusogezi. Kikao cha ukoo kilichowekwa London saa 12 jioni ni saa 3 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 2 usiku wakati wa kiangazi chao. Kama kaka wa London ametuma mwaliko na wewe ukauandika tena kwa mkono kwa saa ya hapa, nakala hizo mbili zitakaa pamoja majira yote ya baridi bila kukusumbua. Ikifika Aprili zinaachana kwa saa moja, na hujui ipi ni ya kweli. Jibu ni kwamba ya kweli ni ile ya mwaliko, kwa sababu imefungwa kwenye saa ya London.

Hata Idd inaweza kuonekana mara mbili. Ukiwa umejiunga na kalenda ya sikukuu za nchi na pia ya sikukuu za Kiislamu, kila moja inakuletea Idd yake, na kwa kuwa siku yenyewe inategemea kuandama kwa mwezi, makadirio yanaweza kupishana kwa siku moja. Hapo hakuna mashine iliyokosea. Ni mashahidi wawili waliosimulia kabla jambo halijatokea.

Kati ya kuzidisha na kupoteza

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mashine isifute tu yanayofanana? Nililiuliza hilo kwa hasira, kisha nikaona ugumu wake. Mama ana kliniki ya presha na ya macho. Zingeweza kuangukia siku moja, saa moja, na zote zikaitwa "Kliniki ya Mama". Programu inayofuta yanayofanana ingefuta moja kimya kimya. Ndiyo maana watengenezaji wengi, mashine inapokuwa na shaka, huamua ibakize yote mawili. Kosa la kuzidisha linaonekana na linaweza kurekebishwa. Kosa la kupoteza halionekani mpaka siku imepita.

Uamuzi huo naukubali. Lakini una deni ambalo halitajwi. Kalenda iliyojaa marudio inamfundisha mwenye nayo kufuta bila kusoma, na hivyo upotevu ambao mtengenezaji aliuogopa unakuja kwa mkono wa mtumiaji. Mashine imejiepusha na kosa kwa kumwachia mtu alifanye.

Kufuta kwenyewe si kitendo chepesi. Seva haiwezi kulisahau tu tukio lililofutwa. Lazima ikumbuke kwamba lilikuwapo na limeondolewa, ili ikivifikia vifaa vingine iviambie. Kumbukumbu hiyo haihifadhiwi milele. Simu ya zamani iliyolala kabatini miezi kadhaa, ikiwashwa, inaamka na matukio ambayo kwake bado yako hai. Ikiruhusiwa kuyapandisha yote kama mapya, wafu wanafufuka. Kwa sababu hiyo utaratibu wa mwaka 2012 unaoongeza kasi ya kusawazisha unairuhusu seva iikatae alama ya zamani mno ya kifaa, ili kifaa kianze kusoma upya.

Tufanye nini

Jambo la kwanza ni kuchagua nyumba moja ya kila kalenda. Ya familia ikae kwenye akaunti moja, na kila mtu aione kwa mlango mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tazama akaunti zote zinazoleta kalenda, zima ile inayoleta kitu ulicho nacho tayari. Usiweke programu ya kunakili kati ya kalenda mbili kama kuishirikisha moja kunatosha.

La pili, alika, usiandike upya. Aliyepokea tarehe aandike mara moja na kuwaalika wengine. Mwaliko unabeba UID yake. Miadi iliyoandikwa upya inazaliwa na nyingine.

La tatu, ukiona pacha, usifute kwanza. Fungua yote mawili na usome ni ya kalenda gani na akaunti gani. Kama ni tukio moja kwenye madirisha mawili, ficha kalenda moja. Kuficha kunabadilisha unachokiona wewe tu. Kufuta kunabadilisha wanachokiona wote. Kama ni nakala kweli, toa kwanza faili la akiba la kalenda nzima, kisha futa.

La nne, simu ikivurugika wakati seva iko sawa, mara nyingi dawa ni kuiondoa akaunti kwenye simu na kuiweka tena, ili simu isome upya kutoka kwenye seva. Kabla ya hapo hakikisha hakuna matukio yaliyohifadhiwa kwenye simu peke yake au ambayo hayajapanda, maana hayo hayana nakala kwingine ya kuyarejesha.

Na kwa vijana wanaoandika programu za zahanati, shule na vikoba huko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali, nina ombi. Mtandao wetu unakatika. Mnalijua kuliko wanaotuletea programu kutoka mbali. Kipeni kila kitu kitambulisho pale kinapozaliwa, ndani ya simu, kabla hakijagusa mtandao, na msikibadilishe tena. Kikitumwa mara tano kiwe kimoja. Jaribuni programu zenu kwa kukata mtandao katikati, kwa makusudi, mara nyingi. Mwisho wa kila kitambulisho yupo mtu amekaa barazani.

Wiki tatu zilipokwisha nilimpeleka mama mwenyewe. Dirishani alitoa kadi, mhudumu akasoma namba, faili likaja. Baada ya daktari kumaliza, muuguzi akaandika tarehe ijayo kwa kalamu, chini ya nyingine zote, kila moja kwenye mstari wake. Nje, kabla hatujapanda gari, mama akanipa ile kadi.

"Andika mara moja," akaniambia, "kabla hatujaondoka."

Nikaandika kwenye kalenda ya familia, nikatia namba ya faili kwenye jina la tukio, nikawaalika dada na mdogo wetu. Kisha nikamrudishia kadi yake, akaikunja ndani ya kanga.